Mwenyekiti wa Watembea kwa Miguu Juu ya Baiskeli

Mpendwa mshauri Bi. Jelimo wa Kitale,

Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kwa sanduku langu la posta kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo nitasimama mbele ya watu kumshtaki mtu kwa kosa nililolianzisha mimi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mwalimu wa nasari hapa Bungoma mjini, na tangu mwaka jana ni mwenyekiti wa Kamati ya Watembea kwa Miguu, ambayo niliianzisha mwenyewe baada ya dada yangu Phelista kugongwa na boda boda ya baiskeli akiwa juu ya veranda ya maduka kabisa, mahali ambapo hata mbuzi hutembea bila wasiwasi, akalazwa hospitali ya Lugulu siku tisa, nami nikaapa kwamba baiskeli hazitapanda tena njia ya miguu katika mji huu nikiwa hai.

Sasa, Jumanne iliyopita tulikuwa na mkutano na watu wa baraza la mji saa nne asubuhi, nikapitia kwanza kwa mchapishaji kuchukua mabango yetu mapya yaliyoandikwa BAISKELI BARABARANI, MIGUU VERANDANI, naye akanichelewesha mpaka zikabaki dakika kumi, ndipo nikasimamisha boda boda, jambo ambalo si dhambi kwa sababu sisi hatupingi baiskeli, tunapinga mahali zinapopita, nikakaa upande kama mama mwenye heshima, mabango mapajani. Mwenye baiskeli anaitwa Wangila, mtu mzima, baba wa watoto wanne. Karibu na soko malori ya mahindi yalikuwa yameziba barabara, akasimama, akasema tungoje kidogo. Nikamwambia, "Si upande hapo juu ya veranda, ni mara moja tu."

Akageuka akanitazama. "Mama, wewe si ndiye yule wa kamati?"

Nikamwambia leo kamati imechelewa.

Akapanda. Mzee Sharif, fundi cherehani aliyewashonea watoto wangu wote sare za shule, alikuwa ameinama mbele ya mashine yake akiokota kifungo, nami badala ya kumwambia Wangila ashike breki nikapaza sauti, "Songa, mzee, tunapita," na mzee wa watu hakusonga. Tukamgonga yeye, tukaigonga na cherehani, mimi nikaangukia rundo la sweta za shule wala sikuumia hata ukucha, Mungu anisamehe, na watu walipoanza kukusanyika nikajifunika leso kichwani, nikaingia dukani, nikatokea mlango wa nyuma, nikafika mkutanoni kwa miguu nikihema, na huko nikatoa hotuba nzuri kuliko zote nilizowahi kutoa.

Mzee Sharif amevunjika kifundo cha mguu, mguu ule ule wa kukanyagia cherehani. Wangila alikamatwa papo hapo, baiskeli yake ikafungiwa, wenzake wa steji ya boda boda wamemsimamisha kazi, na kwa vile mabango yetu yalikutwa yametapakaa pale, watu wameamua kwamba aliyaiba ili akayachome, na katibu wetu Kinyua aliponiuliza kama mabango yalikuwa yametoka kwa mchapishaji, nikasema sijui. Wangila ameulizwa mara tatu alikuwa amembeba nani. Hujibu tu kwamba alibeba mteja, na mteja akitaka atajitokeza mwenyewe.

Kuna baya zaidi. Kamati ilinituma nikamjulie hali mzee, naye anasema sura ya yule mama hakuiona, lakini ile sauti anaijua, ila hakumbuki ni ya nani, kwa hiyo nikienda kwake naongea kwa kukwaruza koo kama mwenye mafua makali, na mkewe Zulekha, mwanamke wa huruma, ananichemshia tangawizi yenye pilipili manga na kunisimamia mpaka nimalize kikombe. Nimeshakwenda mara nne. Tumbo linawaka moto.

Ijumaa hiyo tunakaa mbele ya chifu, kamati pamoja na viongozi wa boda boda, na mimi ndiye wa kusoma mashtaka. Nikisema ukweli kamati itachekwa mpaka ife, na akina Phelista wengine watagongwa. Nikinyamaza, Wangila atapoteza kazi. Nifanye nini?

Mama Veranda,
Bungoma

*

Mama Veranda,

Jibu hili nakutumia kwa posta leo leo. Gazetini litatoka baadaye.

Sitakuficha, nimecheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini. Halafu nikaukumbuka mguu wa mzee, nikaacha.

Nakuonea huruma, maana dada yako alipogongwa uliinuka ukafanya jambo, wakati wengine tunanung'unika tu. Hapa Kitale mwezi uliopita nilisukumwa ndani ya magunia ya viazi na baiskeli iliyobeba kitanda, tena nikiwa verandani, na kamati hatuna. Kazi yako ni njema. Lakini usiniambie kwamba unanyamaza kwa ajili ya kamati. Unanyamaza kwa ajili ya kiti.

Wangila anakujua jina na kazi, na hajakutaja. Anaipoteza riziki yake ili mwalimu wa nasari asiaibike mbele ya wazazi, na wewe unapiga pasi nguo ya kumsomea mashtaka. Sisemi hana kosa. Miguu iliyokanyaga pedali ni yake, angeweza kukukatalia, na hilo atalijibu mwenyewe. Lakini hili la kuiba mabango ni uongo, na umeulea wewe kwa neno moja: sijui. Wewe unayewafundisha watoto wa miaka mitano kusema "ni mimi, mwalimu", huoni haya?

Sasa sikiliza. Usingoje Ijumaa. Ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kwa mzee Sharif, uongee kwa sauti aliyokupa Mungu, na mkewe awepo. Usianze na malori wala mchapishaji. Sema ni wewe uliyemwambia asonge, ukakimbia. Kisha ufunge mdomo, umwache aseme atakalo, hata likikuchoma. Ukitoka hapo nenda nyumbani kwa Wangila, si stejini, umwombe radhi mbele ya mke wake. Kabla jua halijazama, Kinyua naye awe ameyasikia kutoka kwako. Ijumaa soma mashtaka, jina lako likiwa la kwanza, na uache uenyekiti kabla hujaombwa. Kamati haitauawa na ukweli unaousema wewe. Itauawa na ukweli utakaosemwa na mtu mwingine.

Mzee mtafutie cherehani ya kuzungusha kwa mkono hadi mguu upone. Nguo zikiwa tayari, wewe ndiye wa kuwapelekea wateja. Kwa miguu, mama.

Jelimo

*

Wiki tatu baadaye nilipokea barua hii, nami naichapisha kwa ruhusa ya mwenyewe.

Mpendwa Bi. Jelimo,

Nilikwenda siku ile ile. Mzee Sharif alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba aliposikia ile sauti alidhani ni mwalimu anafukuza watoto, ndiyo maana hakusonga. Zulekha alikichukua kikombe kilichokuwa mbele yangu, bado kimejaa, akakirudisha jikoni. Wangila alinipa kiti, akaniambia alikuwa ameanza kuogopa kwamba sitakuja.

Ijumaa nilisoma jina langu. Watu walicheka mpaka chifu akavua kofia akajifunika nayo uso. Kinyua hakucheka, aliniondoa uenyekiti kabla sijamaliza sentensi ya kujiuzulu. Lililoniuma zaidi ni Phelista. Hakuniongelesha siku nane, na siku ya tisa alikuja akaniuliza kama hata mimi ningemgonga yeye. Nililia.

Mzee anashona kwa mashine ya mkono, nami nimepungua kwa kutembea. Wangila alikiri lake, akaonywa, akarudishiwa baiskeli. Kamati imemchagua awe mjumbe, kwa sababu ndiye pekee aliyeweza kutueleza kwa nini baiskeli hupanda veranda: malori yakiegeshwa ovyo, mwenye baiskeli hana pa kupita ila chini ya magurudumu au juu yetu.

Jumatatu tulikwenda naye na Kinyua hadi baraza la mji kuomba malori yatafutiwe mahali pengine, sote watatu kwa miguu. Karibu na soko baiskeli mbili zikatupita kwa kasi juu ya veranda, moja ikamkwaruza Kinyua mkono. Kabla sijafungua mdomo, Wangila aliwaita kwa majina yao, wote wawili, kwa sauti ya chini tu. Wakashuka, wakasukuma.