Koti la Utelezi

Shangazi mpendwa,

Sijawahi kumwambia mtu kwamba namwogopa Baba, kaka yako. Bibi amekohoa wiki nzima, na leo asubuhi pumzi zikaanza kumkatika. Baba akasema, “Mwili una askari wake.”

Nikamjibu, “Bakteria wengine wa kifua huvaa koti la utelezi, Baba. Askari wakiwakamata, wanaponyoka.”

“Umekuwa daktari tangu lini?”

“Sijawa. Ndiyo maana nampeleka Bibi kwa daktari.”

Bibi akacheka mpaka akakohoa, akamwambia Baba, “Mwanangu, leo umepatikana!”

“Ukitoka na mama yangu, usirudi,” Baba akanifokea.

Nilimvalisha Bibi viatu, nikamshika mkono, tukatembea polepole hadi zahanati. Amechomwa sindano, amelazwa. Nimeketi kando ya kitanda chake, nakuandikia.

Binti yako