Dereva wa Mashine ya Mama Amepotea

Shangazi Mshauri, shikamoo. Mimi ni binti wa sekondari, msomaji wako wa kila wiki, na leo nakuandikia kwa sababu mdomo umenishinda, naomba univumilie hata nikirefusha.

Mama yangu ni fundi cherehani, anatarizi nembo na majina kwenye nguo kwa mashine inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta kwa kebo ya USB, na kompyuta hiyo ilikuwa nzito mno, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi bado inajifikiria, basi mimi niliyemaliza kitabu kizima cha maktaba kuhusu kompyuta nikamwambia, "Mama, niiwekee mfumo endeshi upya?" naye akajibu, "Fanya, mwanangu, wewe ndiye msomi wa nyumba hii," nikafuta, nikaweka upya, ikawaka haraka hata mama akapiga makofi, na furaha ikaishia hapohapo.

Tundu mbili za USB za upande wa kulia zimekufa. Zamani kebo ya mashine ikichomekwa mashine ilikuwa inalia pii, sasa kimya, na kipanya nacho kimya, na kwenye orodha ya vifaa kuna alama za mshangao za njano, kana kwamba kompyuta yenyewe inanishangaa. Kitabu kinasema kinachokosekana ni dereva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa, na dereva wa mashine tunaye, yumo kwenye flashi aliyotuachia muuzaji, lakini flashi nayo inaingia kwenye tundu zilezile zilizokufa, na nyumbani hatuna intaneti, kwa hiyo Shangazi, nimefungia ufunguo ndani na mimi niko nje. (Ipo tundu moja upande wa kushoto lakini siihesabu, mama aliiziba kwa plasta ya kidonda ili pini zisitumbukie.)

Nilipomweleza mama kwamba hakuna dereva alisimamisha mkasi hewani. "Dereva? Wa gari gani tena?"

"Wa mashine, mama. Amefutika."

"Basi mpigie simu arudi!"

Tangu siku hiyo nyumba nzima imepata wimbo. Mama mdogo, anayekaa nasi, akiamka tu, hata uso hajanawa: "Profesa, dereva karudi?" Nami nacheka nao, halafu naenda kulia chooni.

Maana mama amepokea jezi za timu ya netiboli ya wasichana, majina yote mgongoni, na fainali yao ni mwisho wa mwezi. Nahodha amekuja kuulizia, mama akamjibu, "Usiwe na wasiwasi, binti yangu anashughulikia, huyu anasoma vitabu vinene." Afadhali angenipiga. Nikishindwa, jezi zinakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye tayari ameanza kumsalimia mama kwa huruma.

Nimekwenda kwenye duka la fundi kompyuta nikiwa nimekariri sentensi yangu njia nzima, nikakuta wanafunzi wenzangu wamekaa kwenye benchi, sentensi ikayeyuka, nikauliza bei ya kava la simu, na simu yenyewe sina. Mwalimu wetu wa kompyuta naye ananisifu mbele ya darasa, nitamwambiaje? Je, nimwambie mama akubali yaishe, awarudishie wasichana jezi zao?

Wako, Asiye na Dereva

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti. Futa machozi, utalowanisha jezi za watu.

Kwanza nikugombeze, nimalize. Umesoma kitabu kizima, ukafuta kompyuta inayolisha nyumba kabla ya kukusanya madereva wake pembeni. Hilo usirudie. Pili, unanilalamikia ufunguo umefungiwa ndani, na hapohapo unanitajia dirisha lililo wazi, tena kwenye mabano! Plasta, mwanangu! Nimempelekea barua yako kijana anayetutengenezea kompyuta hapa gazetini, alipofika kwenye plasta akapiga meza.

Sikiliza. Chungulia ndani ya tundu za kulia. Kijilimi chake kikiwa cha bluu, hizo ni za aina mpya, na mifumo endeshi ya zamani kidogo haizitambui mpaka zipate dereva wake mwenyewe. Sasa bandua plasta ya kushoto. Ukiona kijilimi cheusi, hiyo ni ya aina ya kale, na karibu kila mfumo unaijua bila kufundishwa. Flashi yako itapita hapo.

Ila usikimbilie dereva wa mashine. Anza na dereva wa tundu zenyewe, maana mama yako anahitaji kuchomeka kipanya na kebo kwa pamoja, na tundu moja haimtoshi. Geuza kompyuta, nakili jina na namba ya toleo iliyobandikwa chini, kampakue dereva huyo shuleni kwa flashi yako, kutoka tovuti ya waliotengeneza kompyuta, si tovuti yoyote inayokukonyeza. Msakinishe, zima, washa. Ndipo umweke dereva wa mashine, kebo ikiwa imechomolewa mpaka kompyuta yenyewe ikuambie chomeka.

Intaneti ya shule iko mikononi mwa mwalimu, kwa hiyo huna pa kujificha. Sentensi yako hii hapa, ni fupi, haiyeyuki: "Mwalimu, nimekwama, naomba unisaidie kupakua dereva." Aliyekusifu hatakumeza. Na mama yako usimwambie yaishe. Yeye hajakwambia yaishe.

UJUMBE ULIOTUFIKIA BAADAYE

Shangazi, nimeisema! Nimeisema mbele ya darasa zima, na mwalimu akasema, "Kumbe na wewe hukwama? Vuta kiti," tukampata dereva kabla kengele haijalia, na wale wa kwenye benchi wakaja kuchungulia, mmoja akaniomba nimtazamie na kompyuta ya kwao.

Nyumbani nikabandua plasta. Kijilimi cheusi, Shangazi! Nikaingiza flashi, taa yake ikawaka, nikapiga kelele hata mama akajichoma sindano. Nikamsakinisha dereva wa tundu, nikazima, nikawasha, zile alama za mshangao zikatoweka, akabaki dereva mmoja tu, wa mashine. Nikamweka dereva wa mashine. Kompyuta ikaandika: chomeka kifaa chako.

Nikampa mama kebo. "Chomeka wewe."

"Isije ikafa tena?"

"Chomeka, mama."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. "Profesa, dereva karudi kweli? Kama karudi, apige honi tusikie!"

Mama akachomeka, upande wa kulia, kwenye bluu.

Pii.

Mama akapiga kigelegele kilichovuka barabara mpaka kwa yule fundi wa huruma, akatandaza jezi ya nahodha chini ya sindano, akanisukumia kiti chake mwenyewe, kile ambacho hajawahi kumruhusu mtu akikalie.

"Kaa," akasema. "Endesha."