Chai ya Watu wa Mheshimiwa

Kitale, Jumapili, Agosti 2009

Rasharasha tangu tutoke kanisani, na moyo wangu haujakaa sawa.

Leo wazee wamekuja. Watatu, kutoka Bungoma, upande wa Lwakhakha, ambako mume wangu alikuwa mbunge mpaka alipoangushwa kwenye uchaguzi uliopita. Nilipoona gari lao langoni nilijua wanachotaka. Wanataka asimame tena.

Na mikono yangu, bila kuniuliza, ikateremsha ile sufuria kubwa.

Siasa niliyoijua mimi ni hiyo sufuria. Mume wangu alikuwa na Bunge lake Nairobi. Mimi nilikuwa na jiko langu Bungoma. Akiwa nyumbani, kabla hakujapambazuka vizuri watu wamejaa uani: huyu anatafuta karo, yule ana mgonjwa, wengine wamegombania mpaka wa shamba, na kuna ambao hawana shida yoyote, wamekuja tu kunywa chai na kumsalimu Mheshimiwa. Nililalamika kila siku. Niliwaambia dada zangu kwamba nimeolewa na hoteli.

Mama Rasoa, jirani yetu wa kule, ndiye aliyekuwa akija kuosha vikombe. Hakuitwa na mtu. Anaosha huku akinipasha habari za jimbo zima, tena za kweli kuliko zile alizoletewa mume wangu na wapambe wake.

Asubuhi baada ya kushindwa, uani hapakuwa na mtu. Mama Rasoa alikuja kama kawaida. Alikuta vikombe viwili tu, changu na cha mume wangu, akaviosha. Kisha akaketi nami jikoni.

Namkumbuka sana.

Tulihamia huku shambani kwa sababu ya presha ya mume wangu, Baba Naliaka. Alianguka jukwaani wakati wa kampeni, na daktari akamwambia wazi kwamba siasa itamuua. Lakini mume wangu hajui kuwakatalia wazee, hajawahi. Kwa hiyo tulipatana zamani: wakija, mimi ndiye nitakayesema hapana.

Basi leo wamekunywa, wakasifu mahindi yetu, wakaulizia watoto. Halafu yule mkubwa wao akaweka kikombe chini, akanigeukia mimi, si mume wangu. Nadhani walikuwa wameshapata fununu kwamba jibu liko kwangu.

"Mama, si uturudishie mtu wetu bana? Huyu mwenye tulichagua hata simu hashiki. Watu wanauliza ati chai ya kwa Mheshimiwa iliisha?"

Wakacheka. Mimi nimesimama na birika, Baba Naliaka ananiangalia, ananisubiri nimwokoe. Na badala ya kumwona yeye, nikaona ule ua umejaa. Nikamwona Mama Rasoa ameinama kwenye karai, anaongea bila kupumua.

Nilitaka kusema ndiyo.

Watu wote wanadhani mimi ndiye niliyechoshwa na siasa. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka leo.

"Hapana, wazee wangu," nikasema. "Huyu mmeshamtumia. Aliyebaki ni wangu."

Hawakukasirika. Walituombea, wakapanda gari, wakaenda zao. Nikaanza kuosha vikombe, na Baba Naliaka akachukua kitambaa akawa anavikausha, jambo ambalo sijaliona tangu anioe.

"Umekawia kujibu," akasema.

"Nilikuwa nahesabu vikombe."

Alikausha kimoja, akakitazama, akakiweka.

"Hata mimi nilikuwa navihesabu, Mama Naliaka."

Tukaendelea hivyo mpaka vyote vikaisha.

Sufuria kubwa bado iko mekoni, sijairudisha kabatini. Kesho nitampigia Mama Rasoa simu aje Kitale tunywe chai. Na safari hii vikombe nitaosha mimi.