Waliofua Nguo za Kasuku

Kwako mwanangu,

Pokea salamu za mama yako. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananigomea. Nawe natumai u mzima, maana mtu aliyekimbia msiba wake hana haki ya kuugua.

Habari ni za mkeo. Lango la karakana lilipomwangukia mwanao, Kasuku wetu, nilidhani tutakosa watu msibani. Walijaa mpaka viti vikaisha. Tulipokwenda kumzika, waliobaki nyumbani wakajitia wema wa ziada, wakafua kila kitu cha mtoto: shuka, foronya, magauni, hata kile kitambaa alichozoea kunyonya ncha yake. Eti mama asije akaviona akaumia. Mkeo alirudi, akalalia mto wa mtoto, akanusa sabuni badala ya mwanawe. Tangu hapo hajalia mbele ya mtu.

Nawe ukawashukuru. Nilikuona mlangoni ukiwashika mikono kama bwana harusi.

Sasa majirani jina la mtoto hawalitaji kabisa. Wakituona njiani wanawavuta watoto wao ng'ambo ya barabara, na huo kwao ndio upole. Fundi viatu alimwambia mkeo ajikaze, bado kijana, atazaa mwingine. Nikamwuliza, akikatika mguu atangoja uote mwingine? Hajatusalimu tena, na nimefurahi. Anayemfaa mkeo ni yule mama muuza mkaa, aliyefiwa na mwanawe mtoni. Anaingia, anakaa, anauliza Kasuku alipenda nini, alicheka vipi. Mkeo anaongea naye. Kazi hiyo ilikuwa yako.

Akishaondoka, mkeo anaanza kupekua. Kabati, uvungu wa kitanda, gunia la matambara. Analitafuta lile sweta la kijani alilolivua Kasuku asubuhi ile kwa sababu ya joto. Anaamini wale wanawake waliofua nguo walilitupa.

Mwanangu, nilikuona ukilisokomeza kwenye begi siku uliyoondoka. Nilinyamaza kwa sababu nimekuzaa. Nimechoka kunyamaza. Leo asubuhi nimemwambia. Nilingoja akutukane, ningemsaidia, lakini hakukutukana. Ameuliza jambo moja tu: umelifua?

Nijibu hilo kabla ya salamu. Kama hujalifua, lilete kwa mikono yako, usimpe mtu. Kama umelifua, baki huko huko, nitamwambia umekufa, ataelewa, amezoea.

Wanaokukumbuka hapa wanakusalimu. Si wengi.

Ni mimi,
Mama yako