Tangi Lililonyimwa Pumzi

Kaka Mwakio,

Pokea salamu za Bondeni, ambako gari lako lilinizimikia leo adhuhuri, biriani ya wakwe zangu ikiningoja ng'ambo ya Likoni. Lilikohoa, likaishiwa nguvu, likalala kimya. Muuza mahamri alisema ni husuda. Muuza kahawa akasema limechoka tu, lipumzike. Nikanywa vikombe viwili, likawaka kweli, kisha mtaa wa pili likazirai tena!

Fundi Shee, niliyeitiwa na wapita njia, hakugusa injini. Kwanza aliniuliza hali ya nyumbani, mpaka ya mbuzi, ndipo akafungua kifuniko cha tangi. Fyuuu! Likavuta pumzi kama shangazi aliyefunguliwa gauni la harusi.

"Dadangu, tangi lisipopata hewa, petroli haifiki kwenye injini. Nani aliyeziba kifuniko hiki kwa mpira na gundi?"

Nikakumbuka ulivyojisifu kwamba umewakomesha wezi wa petroli.

Kweli, hawajaiba hata tone. Ila nilipofika Likoni, biriani ilikuwa imebaki ukoko.

Mungu akuzidishie afya, kaka yangu, na akupunguzie ujanja.

Dada yako mwenye njaa,
Wakesho