Hema Chini ya Paa

Jumatatu, 3 Machi

Mkurugenzi kaniita. Ijumaa idara yetu ya wakimbizi inapokea wafadhili. Watakagua hema moja la mfano, waweke sahihi, kisha mahema elfu tatu yapelekwe kambini kabla ya masika. Nikiisimamia vizuri shughuli hii, naenda ubalozini, ng'ambo kwenye baridi. Ubalozini! Miaka yote hii niko dawati lile lile. Nimemwambia mama mkwe — kosa. Kufika jioni mtaa mzima unajua.

Jumatano, 5 Machi

Hema limesimama bustanini. Mchana mvua ikashuka, nikakimbilia humo na kikombe changu. Tone la kwanza kwenye chai. La pili kisogoni. Nikahamia kona ya pili — huko ndiko balaa lenyewe! Nikatoka zangu nje, afadhali.

Nikamweleza Mkurugenzi. Akasema, tumelizingatia. Husema hivyo hata ukimwambia suruali yake imepasuka.

Alhamisi, 6 Machi

Amelizingatia kweli. Kaamuru hema lihamishiwe chini ya paa la maegesho ya magari! Asubuhi imenyesha tena. Kaingia, kapapasa turubai, katoka anachekelea: umeona? Kavu!

Nikamuuliza, kule kambini paa litatoka wapi? Akaniuliza kama bado nautaka ubalozi. Nikarudi dawatini kwangu. Nimejichukia. Watoto wa watu watalala kwenye maji, mimi nimefyata mkia.

Nyumbani mama mkwe kaninunulia koti la baridi, zito kama godoro. Eti mwanadiplomasia hatetemeki. Nimelijaribu. Limenikaa, jamani!

Ijumaa, 7 Machi

Wamefika. Mkuu wao, bibi mmoja mfupi aliyevaa raba, kauliza mbona hema liko chini ya paa.

Mkurugenzi, bila kupepesa macho: kulikinga na mvua, mama.

Lo! Nikajifanya nakohoa, machozi yakanitoka. Bibi hakucheka. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akasema basi litolewe nje, sahihi akaiweke humo ndani. Mkurugenzi akatazama juu — jua kali — akakubali haraka haraka.

Kulisimamisha upya kumechukua muda. Jua nalo likajiondokea.

Sasa tumo ndani, naandika nyuma ya ratiba. Wanadhani nachukua kumbukumbu za kikao. Bibi anasoma mkataba polepole, kila mstari. Mkurugenzi anamsogezea kalamu, anamsifia raba zake. Ngurumo! Bibi kainua kichwa kidogo, karudi kusoma. Mkurugenzi jasho linamtoka. Ananikonyeza: mwavuli, mwavuli uko wapi?

Nimemjibu kwa midomo tu, bila sauti: tumelizingatia.

Bibi kafika ukurasa wa mwisho. Kashika kalamu. Tone la kwanza limemwangukia Mkurugenzi katikati ya upara, naye anatabasamu kana kwamba hakuna kitu. Koti la mama mkwe halitauona ubalozi, pole yake.

Mwavuli ninao. Nimeukalia.