Gari ya Shemeji Niliyoiombea Vibaya

Neema mjukuu wangu,

Yesu asifiwe. Huku Louisville tuko wazima, magoti ya bibi yako yamepoa, na mama yako mdogo wa Columbus amejifungua msichana. Umeniuliza ununue gari gani huko Buffalo, ya Kiamerika ao ya Kijapani. Bon, sikia.

Mwaka wetu wa kwanza nilinunua ya Kiamerika, shemeji Mateso ya Kijapani. Kila Jumapili tulibishana mbele ya kanisa. "Nchi imekupokea, wewe unalisha Wajapani!" nilimwambia. "Yako itakufia njiani, shemeji," alinijibu. Mwishowe tukanyimana salamu, na bibi yako akalia, maana ni kaka yake.

Siku ya kubariki gari ya Mateso, mchungaji akaniita mimi niombe, ili atupatanishe. Nikaweka mkono juu ya boneti: "Mungu, asante kwa gari hii uliyoivusha bahari kutoka Japani..."

"Baba, bahari gani?" akasema Mama Furaha wa kwaya. "Hiyo tunaiunga kiwandani kwetu, hapa hapa Kentucky. Milango nafunga mimi!"

Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa gari, inayosema iliungwa wapi. Kweli, Kentucky. Nikakimbilia yangu, nikasoma karatasi yake: Meksiko!

Mjukuu, niliona haya. Miezi yote hiyo nilitukana kazi ya mikono ya Mama Furaha, mama aliyetupikia sombe, majani yetu ya muhogo, tulipofika! Hata amina nikaisahau. Mateso ndiye aliisema, kisha akanifungulia mlango: "Ingia, shemeji. Dada yangu anatungoja mezani."

Nunua yenye injini nzima na hita kali ya kushinda baridi ya huko. Mungu akutangulie barabarani.

Babu yako